UZI: Ramani inayojikuza na kujigeuza yenyewe ukiwa njiani. Ifuate mwendo wako au kona inayofuata?

MsomaRamani

Wakuu, habari za muda huu.

Malalamiko ni yaleyale kila mahali. Unaendesha, ramani kwenye simu inajivuta karibu, mara inarudi mbali, mara inageuka juu chini. Ukiisogeza kidogo kuangalia mbele, sekunde chache baadaye inakurudisha ulipo kwa nguvu. Wengi huishia kuzima kila kitu. Mimi siamini kwamba kujirekebisha kwenyewe ndiko kwenye ubaya. Ubaya ni kwamba programu nyingi zinapima ukubwa wa ramani kwa mwendo wa gari, wakati dereva anaitupia jicho kwa sababu moja tu: anataka kujua atakata wapi. Nifafanue, halafu mnipinge.

Wanaounda ramani huzungumzia "kamera", yaani jicho la kufikirika linaloitazama ramani kutoka juu. Jicho hilo lina mambo manne tu ya kuchezea: liko juu ya sehemu gani, liko juu kiasi gani, limeelekea wapi, na limeinama kiasi gani. Kila kinachokuudhi ni mojawapo ya hayo manne kubadilika wakati hukutarajia.

Nianze na ukuzaji, maana ndio wenye hesabu tamu. Ramani nyingi za mtandaoni zimepangwa kwa ngazi. Kwenye ngazi 0 dunia nzima inaingia katika kigae kimoja, yaani kipande cha picha cha mraba, cha pikseli 256 kwa 256. Ukipanda ngazi moja, kila kigae kinagawanyika kuwa vinne, na pikseli inafunika nusu ya urefu iliokuwa inafunika mwanzo. Kwenye ikweta pikseli moja ya ngazi 0 ni zaidi ya kilomita 156 za ardhi. Ngazi 17 ni kama mita 1.2, ngazi 18 ni kama sentimita 60. Sasa chukua simu iliyosimama wima, alama ya gari imewekwa chini, na mbele yake zimebaki pikseli 600. Ngazi 18 inakuonyesha karibu mita 360 za mbele, ngazi 17 kama mita 715, ngazi 16 zaidi ya kilomita 1.4.

Geuza mita hizo kuwa sekunde. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo kuona nusu dakika mbele kunahitaji mita 830. Kwa kilomita 30 kwa saa nusu dakika hiyohiyo ni mita 250. Mtembea kwa miguu anatosheka na mita 40 hivi. Ndiyo maana kanuni ya "ukikaza mwendo, ramani irudi mbali" ina mantiki: inalinda sekunde zako za kufikiri. Na wazo lenyewe si la ramani peke yake. Mwaka 2000 Takeo Igarashi na Ken Hinckley walionyesha mbinu ya kupitia nyaraka ndefu kwenye kompyuta, ambapo ukisogeza haraka ukurasa unajipunguza wenyewe ili macho yasipotee, ukipunguza kasi unakua tena.

Kwa barabara tupu, safi. Ikija foleni, kwisha habari.

Gari limesimama, mwendo sifuri, programu inadhani unataka kuona kwa karibu, inakuvuta mpaka unahesabu paa za nyumba. Na aliyesimama kwenye foleni ndiye mwenye hamu ya kuona mbali kuliko wote! Anatafuta foleni inaishia wapi na kama kuna mchepuo. Upande wa pili, uko barabara kuu, kilomita 90 kwa saa, unakaribia njia ya kutokea. Kanuni ya mwendo inakuacha juu mawinguni wakati huohuo unaotaka kujua ni leni ipi inayoachana na nyingine.

Msimamo wangu basi: ukubwa wa ramani upangwe na umbali uliobaki hadi kona inayofuata, mwendo uwe wa kurekebisha kidogo tu. Kona iko kilomita 12 mbele? Kaa juu, tulia. Imebaki mita 300? Shuka, makutano yote yaingie kwenye skrini na yabaki humo mpaka uyapite. Zikiwepo kona mbili zinazofuatana kwa karibu, ziingie zote mbili. Foleni ikinisimamisha, ramani isiguse kitu.

Karibuni.

kigae_cha_kati

Mkuu, umeingia vizuri. Hii ndiyo kazi inayonipa mkate, ngoja niongeze nyama.

Hesabu zako ni za vigae vya 256. Ramani nyingi za vekta, yaani zinazochorwa na simu yenyewe kwa mistari na nukta badala ya picha tayari, siku hizi huhesabu kwa vigae vya 512, kwa hiyo picha uliyoiita ngazi 17 wao wataiita 16. Watu hugombana mitandaoni kuhusu "ngazi nzuri ya kuendeshea" kumbe kila mmoja ana rula yake. Pia ulisema "kwenye ikweta", na hilo lina uzito. Ramani hizi zinatumia makadirio ya Mercator, namna ya kuichora dunia ya duara kwenye bapa, yanayotanua ardhi kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo 60 ngazi ileile inakuonyesha nusu tu ya umbali. Programu iliyofunga ngazi moja kwa kila mwendo itamhudumia vizuri wa ikweta na kumnyima wa kule juu nusu ya sekunde zake. Ndiyo maana anayejua kazi hapangi ngazi. Anapanga mita za kuonekana, kisha ngazi inakokotolewa.

Halafu hizo pikseli 600, nani amekuachia? Juu kuna bango la maelekezo, chini kuna muda wa kufika, pembeni vitufe. Ramani inayoonekana kweli ni dirisha dogo katikati. Nimewahi kukuta kona imeingizwa kwenye skrini kwa hesabu sahihi kabisa, lakini imekaa nyuma ya bango. Kwa kompyuta ipo. Kwa dereva haipo.

Kuhusu hoja yako kuu, nakubali kwa sharti moja. Kupata ukubwa unaofaa sasa hivi ni rahisi. Kuamua LINI uhame kutoka ukubwa ulionao ndiko kunakotoa jasho. Ukiweka mpaka mmoja, tuseme "chini ya mita 300 shuka", gari likisogea polepole huku GPS ikipepesuka mita kadhaa huku na huko, ramani itapanda na kushuka kama pumzi. Dawa ni vizingiti viwili vilivyoachana, kimoja cha kushukia na kingine cha mbali zaidi cha kupandia, na katikati yake ramani inabaki ilivyokuwa. Ongeza ukomo wa kasi ya mabadiliko. Programu nyingi zinazokera zina kanuni nzuri tu, ila hazina uvumilivu huo.

KaskaziniJuu

Mnajadili ukuzaji, mimi nasema dhambi kubwa ni kuzungusha. Mimi kaskazini juu, siku zote, na ukuzaji nafanya kwa kidole gari likiwa limesimama. Ramani inayozunguka inakufanya mtoto. Ukifika hujui umepita wapi.

Na ushahidi upo. Toru Ishikawa na wenzake, 2008, waliwafanyisha watu safari za miguu: wengine wakiwa na kifaa cha GPS, wengine na ramani ya karatasi, wengine wakiwa wameonyeshwa njia kwanza kwa kutembezwa. Wa GPS walitembea umbali mrefu zaidi na kusimamasimama zaidi kuliko makundi yote mawili. Walipoambiwa wachore njia, michoro yao ilikuwa mibovu kuliko ya wale waliotembezwa.

MsomaRamani

KaskaziniJuu, utafiti huo ni wa kweli lakini haujatenga kuzunguka na mengine. Skrini ndogo, sauti, macho kung'ang'ania alama, vyote vilikuwa kwenye kapu moja.

Ukitaka sababu ya watu kupenda ramani igeuke, rudi 1971. Wanasaikolojia Shepard na Metzler waliwaonyesha watu jozi za michoro ya vitu na kuuliza kama ni kitu kilekile kilichogeuzwa. Muda wa kujibu ulipanda sambamba na pembe ya mgeuko. Maana yake kichwa kweli kinazungusha picha, na kuzungusha kunakula muda. Ukielekea kusini huku ramani ina kaskazini juu, kulia kwako ni kushoto kwa ramani, na hesabu hiyo unaifanya huku usukani uko mkononi. Wewe umezoea. Mwingine atakata kushoto.

KaskaziniJuu

Mazoezi tu hayo. Hata hivyo sijasikia mtu akijibu suala la kuujua mji.

Bahari_Shwari

Naona nchi kavu mnagombana kwa jambo ambalo baharini lina miaka mingi. Rada ya meli ina namna tatu: kaskazini juu, omo juu, na njia juu. Omo juu ni picha kufuata pua ya meli ilivyo sasa hivi. Bahari ikichafuka pua inayumba kushoto kulia, na picha nzima inayumba nayo, alama za vyombo vingine zinaacha michirizi. Njia juu ndiyo suluhu: unaifunga picha kwenye uelekeo unaokusudia kwenda, dira ya gairo (inayotumia gurudumu linalozunguka kasi, si sumaku) inaituliza, pua ikiyumba unaona mstari wa pua ukicheza lakini bahari imetulia. Ukibadili njia kweli, ndipo unaipanga upya.

Simu zenu karibu zote ni omo juu. Ndiyo maana mnapata kizunguzungu.

Na kwenye chati za kielektroniki za meli haikuachwa kwa hiari ya muundaji. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, vinataka kaskazini juu ipatikane wakati wowote. Mielekeo mingine inaruhusiwa, ila chati igeuke kwa hatua kubwa za kutosha ili picha isiwe ya kutetereka. Hicho ndicho kile kizingiti cha kigae_cha_kati, kimeandikwa kwenye kanuni.

kigae_cha_kati

Bahari_Shwari, hapo umenipa kitu. "Njia juu" kwa gari ingekuwa kuifunga ramani kwenye mstari wa barabara badala ya pua ya gari. Programu zinazonata alama yako kwenye barabara zinakaribia hapo, kwa sababu uelekeo unatoka kwenye mchoro wa barabara na si kwenye GPS ghafi. Ukihama leni, ramani haitikisiki. Lakini kwenye kipilefti barabara yenyewe ni duara, kwa hiyo ramani inazunguka nawe nyuzi 270 na ukitoka hujui ulitoka mlango wa ngapi. Kwenye kipilefti, kwa maoni yangu, ramani igande na uelekeo wa kuingilia, mshale ndio uzunguke, kisha igeuke mara moja ukishatoka.

MsomaRamani

Hiyo ya kipilefti naichukua kama ilivyo.

MtembeaPole

Jamani na sisi wa miguu mtukumbuke. Mimi nikisimama kwenye njia panda kutafuta njia, ndipo ramani inapoanza kuzunguka yenyewe. Nikitembea inatulia. Kwa nini inachanganyikiwa wakati nimetulia?

kigae_cha_kati

MtembeaPole, kwa sababu GPS haijui umeangalia wapi. Inajua unasogea kwenda wapi. Ukisimama, hakuna mwendo wa kusoma, kinachobaki ni makosa ya kipimo. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kama mita 5, katikati ya majengo marefu zaidi ya hapo, kwa hiyo alama inarukaruka na kila mruko unaonekana kama safari fupi ya upande mpya.

Programu nzuri ikiona mwendo umeshuka mno inaacha uelekeo wa GPS na kushika dira iliyo ndani ya simu. Dira nayo ina yake: chuma kilicho karibu kinaivuta, na kishikio cha simu chenye sumaku kinaivuruga kabisa. Kwa hiyo mtu wa gari aliyesimama kwenye taa, simu yake ikiwa kwenye kishikio cha sumaku, anaona ramani inageuka nyuzi 90 bila kosa lolote la programu. Kwa gari ningependa ikisimama ibaki na uelekeo wa mwisho unaoaminika, basi. Kwa miguu dira ni lazima, maana unaposimama na kugeuka ndipo unapoiuliza ramani.

OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ina mpangilio wa hili: unachagua mwendo ambao chini yake ramani inaacha kufuata mwelekeo wa kwenda na kufuata dira. Upo ndani ya wasifu wa kila aina ya usafiri, kwa hiyo wa miguu unaweza kutofautiana na wa gari.

MtembeaPole

Asante kiongozi. Kesi yangu imeisha.

PikipikiTu

Nilikuwa nasoma tu, ila suala la kurudishwa kwa nguvu halijajadiliwa na ndilo linaloniua mimi. Nimevaa glavu, simu iko kwenye usukani. Nikisimama kwenye taa nasogeza ramani kwa shida kuona mbele kuna nini. Kabla sijasoma hata jina la mtaa, imenirudisha. Narudia, inanirudisha. Taa imewaka kijani.

MsomaRamani

PikipikiTu, hapo kuna pande mbili zenye haki. Ramani ikibaki ulikoipeleka, utaondoka na skrini inayoonyesha mtaa mwingine, na kona yako itakupita. Ikirudi haraka, ndiyo hivyo unavyolia.

Kinachonishangaza ni kwamba tunapima kwa saa ya ukutani. Sekunde 5, sekunde 10, kwa nini? Mtu aliyesimama hana haraka. Ningeamuru hivi: chombo kimesimama, ramani ikae nilipoipeleka mpaka nitakapoondoka. Kikiondoka, irudi taratibu. Kikiwa kwenye mwendo na kona iko karibu, irudi mapema zaidi.

Na irudi kwa kuteleza, isiruke. Macho yanahitaji kuona njia iliyopitwa ili yajue yamefika wapi. Jarke van Wijk na Wim Nuij walitoa hesabu ya hilo mwaka 2003: ukihama kutoka sehemu moja ya ramani kwenda nyingine iliyo mbali, picha inapaa kwanza, inasafiri, kisha inashuka, yote kwa mkunjo mmoja laini. Ukiona ramani inaruka juu kabla ya kutua mahali pengine, mara nyingi ni mkunjo wa namna hiyo.

kigae_cha_kati

Mkunjo huo ni mzuri ukiwa umekaa kwenye kiti. Barabarani ni mrefu mno. Mwongozo wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, wa 2013 unataka kazi yoyote ya kwenye skrini iweze kufanyika kwa kutupa jicho lisilozidi sekunde 2 kila mara. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde 2 ni mita 55 umeendesha bila kutazama barabara. Jicho likikuta ramani iko katikati ya mkunjo, halijapata kitu, litarudi tena. Kila uhuishaji, yaani picha kujisogeza yenyewe, ni muda ambao ramani haisomeki. Kwa hiyo ukienda kasi, uhuishaji uwe mfupi au usiwepo.

Niseme na kuinamisha kamera, maana hakuna aliyeligusia hilo: nako kuna bei yake. Kamera ikiinama, karibu unaona kwa undani na mbali unaona hadi upeo, bila kubadili ngazi. Wengi wanaipenda kwa hilo. Bei yake ni kwamba mita za mbali zinabanwa, na makutano mawili yaliyoachana mita 150 yanaonekana kama moja. Inama kwenye barabara ndefu, simama wima ukikaribia kona.

KaskaziniJuu

Bado nasubiri jibu la kuujua mji.

Bahari_Shwari

Chukua hili basi. Wanamaji wa visiwa vya Caroline, huko Mikronesia, walivuka bahari bila kifaa hata kimoja cha kuonyesha njia, kwa kufikiri kwamba mtumbwi umesimama, na kisiwa cha rejea ndicho kinachorudi nyuma chini ya nyota, hatua kwa hatua. Mfumo huo unaitwa etak. Stan Honey, ambaye naye ni mtu wa matanga, aliipa kampuni yake jina hilo, na mwaka 1985 ikauza kifaa cha gari kilichosoma ramani kutoka kwenye kaseti: mshale umetulia, ramani inazunguka chini yake. Kwa hiyo kuzunguka hakumfanyi mtu mtoto. Wale waliijua bahari yao vizuri sana.

KaskaziniJuu

Wale walikuwa na nyota ambazo hazizunguki na mtumbwi. Hicho ndicho ninachokidai: kitu kimoja kisichogeuka.

MsomaRamani

Hapo nakuunga mkono, na si kidogo. Anthony Aretz mwaka 1991 aliandika kuhusu ramani za kielektroniki za marubani: ramani inayogeuka inasaidia kuamua kulia au kushoto, ya kaskazini juu inasaidia kujenga picha ya eneo kichwani. Akajaribu ya tatu, kaskazini juu lakini imechorwa kabari inayoonyesha eneo lililo mbele ya rubani, na ikakaribia kuleta faida za pande zote mbili. Simu zetu zimechukua kabari na kuiweka kwenye alama ya mtembea kwa miguu tu.

Mimi nafanya hivi: kabla ya kuondoka naangalia njia nzima kwa kaskazini juu, njiani naiacha igeuke. Wewe endelea na yako, ila usiwaambie wageni wa mji wafanye hivyo.

PikipikiTu

Tuletee programu gani inaruhusu kutenganisha haya, maana niliyonayo ina swichi moja tu ya kila kitu.

kigae_cha_kati

OsmAnd inatenganisha kuliko zote nilizotumia: ukuzaji wa kiotomatiki una viwango vya karibu, wastani na mbali, uelekeo una mpangilio wake, na muda wa kukurudisha ulipo unauchagua mwenyewe au unaizuia isirudi kabisa. Kwako weka isirudi, kisha gusa kitufe cha kurudi ulipo ukiondoka. Organic Maps ni nyepesi zaidi, ina swichi ya ukuzaji wa kiotomatiki peke yake. Google Maps inakuruhusu kufunga kaskazini juu wakati wa kuelekezwa.

Bahari_Shwari

Swali la mwisho kwa MsomaRamani. Kanuni yako inategemea kona inayofuata. Nikipotea njia, kona hiyo haipo tena. Ramani ifanye nini?

MsomaRamani

Isivute karibu, hilo kwanza. Nyingi huvuta karibu hapo, sijui kwa nini. Aliyepotea anataka kuona barabara aliyoiacha na barabara aliyopo kwa pamoja, kwa hiyo irudi mbali mpaka zote mbili ziingie, uelekeo usiguswe, na ikae hivyo hadi njia mpya ipatikane.

kigae_cha_kati

Na asiyeweka safari kabisa, anayeendesha tu na ramani wazi? Huyo hana kona inayofuata tangu mwanzo. Kwake ningebaki na kanuni ya mwendo, pamoja na vizingiti viwili, na foleni isihesabiwe kama mwendo.

MsomaRamani

Kwa huyo, sawa. Ila gari likisimama ipite dakika nzima kabla haijathubutu kushuka.